Shajara ya mradi: mwongozo wa baiskeli wa Kiswahili, Gorinchem hadi Wageningen

Mwisho wa Februari

Kazi imeanza. Ninaandaa mwongozo wa Kiswahili kwa mtu anayetaka kuendesha baiskeli taratibu kando ya mito ya katikati ya Uholanzi, akianzia Gorinchem na kumalizia Wageningen. Njia yote ni kama kilomita 90, ukihesabu na mizunguko ya matuta ya kuzuia mafuriko. Nimeigawa vipande vifupi, ili mtu asiye na mazoezi amalize kimoja kwa siku na bado apate muda wa kukaa chini, kula na kutazama.

Walengwa ni watu ninaoishi nao. Chuo Kikuu cha Wageningen kimepokea wanafunzi wa kilimo, maji na mazingira kutoka Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Wanakuja, wanasoma, wanaandika tasnifu, wanarudi nyumbani, na wengi wao mto Rijn wameuonea dirishani mwa basi tu. Wengine hutembelewa na wazazi wao, na mzazi akishaoneshwa maabara na soko la Jumamosi, mwenyeji wake hana pengine pa kumpeleka. Miongozo ya njia hizi ipo tele kwa Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza. Inaonyesha mkahawa ulipo na kanisa lilijengwa mwaka gani. Lakini mtu wa Iringa au wa Mombasa akisimama mbele ya baadhi ya kuta hizi ana lake la kukumbuka pale, na hilo hajaandikiwa na yeyote. Ndilo ninalotaka kuliandika.

Uamuzi wa kwanza ni mwelekeo. Watalii wengi hushuka na mto, yaani mashariki kwenda magharibi. Sisi tutapanda nao. Nchi hii haina vilima vya kumtesa mwenye baiskeli. Kinachomtesa ni upepo, na upepo mwingi wa hapa hutoka kusini-magharibi. Juu ya tuta hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Anayetoka Gorinchem kuelekea Wageningen husukumwa mgongoni siku nyingi za mwaka. Mzee wa miaka 60 aliyekodi baiskeli ya kawaida atauona mwili wake unamtii, na hapo ndipo safari inapoanza kupendeza.

Machi

Wiki hizi nimekaa na ramani. Mfumo wa namba za njia za baiskeli umenirahisishia kazi kuliko kitu kingine chochote. Kila makutano ya njia yana namba yake, na kuna vibao vidogo vyeupe vinavyokuelekeza kwenye namba inayofuata. Unaandika namba zako kwa mfululizo kwenye kipande cha karatasi, unakibandika kwenye usukani, unakwenda. Simu ikizima chaji hupotei. Mfumo huu ulianzia Limburg ya Ubelgiji miaka ya 1990, wazo la Hugo Bollen, mhandisi wa migodi, kisha ukaenea Uholanzi nzima. Waholanzi walikuwa tayari na mazoea ya kuwekeana vibao: chama chao kikubwa cha wenye magari leo, ANWB, kilianzishwa mwaka 1883 kikiwa chama cha waendesha baiskeli.

Mwongozo utakuwa na ukurasa mmoja wa kueleza mto kabla ya kueleza kasri lolote, kwa sababu bila kuujua mto hapa huelewi kitu. Rijn ukishaingia nchini unagawanyika karibu na Pannerden. Theluthi mbili hivi za maji hushika njia ya Waal, upande wa kusini. Yanayobaki hugawanyika tena, mengine yakaenda kaskazini kwa mto IJssel, mengine yakaja kwetu kwa jina la Nederrijn, ambao ukifika Wijk bij Duurstede huitwa Lek. Kila mto una matuta mawili kila upande: dogo karibu na maji, la kuzuia mafuriko ya kiangazi, na kubwa mbali zaidi, la kuzuia ya masika na baridi. Katikati ya hayo mawili ni malisho. Ng'ombe hula humo miezi ya joto. Majira ya baridi huwa ni ziwa.

Wewe unaendesha juu ya tuta kubwa, na kushoto kwako paa za nyumba ziko chini ya magurudumu yako. Mara tuta linakata kona kali bila sababu ya kuonekana, na ndani ya kona kuna kidimbwi cha mviringo chenye kina kirefu. Pale tuta lilipasuka zamani. Maji yalichimba shimo ambalo watu hawakuweza kulifukia, wakajenga tuta jipya kulizunguka. Kila kona ya namna hiyo ina msiba wake. Na si mambo ya kale tu: mwishoni mwa Januari 1995 watu kama 250,000 walihamishwa eneo hili la mito pamoja na mifugo yao, kwa hofu kwamba matuta yaliyoloa hayatastahimili. Matuta yalistahimili, lakini baada ya hapo serikali ilibadili mawazo. Badala ya kuendelea kuinua matuta tu, ilianza kuyarudisha nyuma mahali pengi na kuchimba mikondo ya pembeni ili mto upate pa kupumulia. Waliosomea maji watasimama hapa kila kilomita. Wasiosomea nao wataelewa kwa macho.

Aprili

Kipande cha mto Linge kimekamilika, nacho ndicho kizuri kuliko vyote kwa anayeanza. Linge ni mto mdogo wa takriban kilomita 100, wote ndani ya Uholanzi, unaojikunja kati ya Lek na Waal hadi kuingia Gorinchem. Hauna haraka. Kandokando yake ni mashamba ya matufaha, mapeasi na cheri, na wiki hizi yote yamechanua.

Niliondoka alfajiri baada ya usiku wa jalidi ili nione jambo nililosimuliwa. Usiku joto likishuka chini ya sifuri, wakulima hunyunyizia maua maji. Maji yanaganda, kila ua linakaa ndani ya barafu yake, na asubuhi shamba zima linang'aa. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na maadamu yanaendelea kunyunyizwa, joto hilo hulizuia ua lisife. Nimeliandika kwa kirefu kwenye mwongozo. Mkulima wa peasi wa Njombe, anayeijua baridi kali, atataka kujua pampu zinavyowekwa, na nimeeleza kadiri nilivyoona.

Vituo nilivyochagua ni Asperen, Leerdam yenye kazi ya vioo, Acquoy yenye mnara wa kanisa ulioinama kwa wazi kabisa, na shamba la Mariënwaerdt karibu na Beesd, ambalo lilianza kama abasia mwaka 1129. Leerdam na Beesd zina stesheni za treni. Anayechoka ana pa kukatia safari.

Asperen nimekaa zaidi. Kuna ngome ya duara juu ya Linge, iliyojengwa mwaka 1847. Hapa ndipo pa kueleza namna Waholanzi walivyopigana kwa maji. Kutoka Muiden hadi kwenye vinamasi vya Biesbosch, mstari wa kilomita 85 hivi, walijenga ngome, milango ya maji na mifereji, ili adui akija kutoka mashariki wafungulie mito kwenye mashamba yao wenyewe. Maji yalitakiwa yafike magotini tu. Kimo hicho farasi na magari ya mizinga hayapiti, kwa kuwa mitaro na mashimo hayaonekani. Na mashua haielei. Ngome zilijengwa pale tu ambapo palibaki pakavu: kwenye tuta, kwenye mto, kwenye reli. Mstari wa kwanza wa aina hii ulizuia jeshi la Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwaka 1672, huu wa baadaye ulianza kujengwa mwaka 1815, na tangu 2021 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Karibu na ngome hizi utaona nyumba za mbao tupu. Sheria ya mwaka 1853 ilikataza kujenga kwa tofali ndani ya eneo la shabaha ya mizinga, ili vita ikija nyumba ichomwe haraka na adui akose pa kujificha. Familia zimeishi vizazi katika nyumba zilizojengwa kwa masharti ya kuchomwa. Nimeweka mbili tatu kwenye ramani, kwa kuonekana kutoka barabarani tu, maana zina wenyewe.

Mei

Loevestein. Ngome hii ya karne ya 14 iko kwenye pembe ya maji, pale Waal inapokutana na tawi la zamani la Maas. Kivuko cha watu na baiskeli huiunganisha na miji miwili yenye kuta, Gorinchem na Woudrichem, kwa hiyo safari yetu inaanza kwa kupanda chombo kabla ya kukanyaga pedeli hata mara moja. Aliyeijenga alikuwa akitoza ushuru wa mashua. Baadaye ikawa gereza.

Mfungwa wake mashuhuri ni Hugo de Groot, mwanasheria aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1619 katika ugomvi wa dini na siasa. Aliruhusiwa kukaa na familia na kuletewa vitabu, na vitabu vilikuja na kurudi ndani ya sanduku kubwa. Mkewe, Maria van Reigersberch, aliona walinzi wameacha kulifungua. Tarehe 22 Machi 1621 mume aliingia sandukuni, na mfanyakazi wao Elsje van Houwening, binti wa miaka kama 20, akalisindikiza kwa mashua hadi Gorinchem huku askari wakilalamikia uzito. Kutoka hapo de Groot alivaa nguo za fundi mwashi, akakimbia. Watoto hulipenda simulizi hili, na wengi wanaolisimulia huishia hapo.

Mimi nimeendelea, kwa sababu mtu huyu aligusa bahari yetu. Mwaka 1609 alichapisha kijitabu cha Kilatini akidai kwamba bahari haina mwenyewe, na kwamba Wareno hawana haki ya kuwazuia wengine kufanya biashara Bahari ya Hindi. Wakati huo Wareno walikuwa Mombasa, ndani ya Fort Jesus waliyoianza mwaka 1593. Hoja hiyo aliiandaa kwa ajili ya kampuni ya Waholanzi ya biashara ya mashariki, baada ya meli ya Wareno kutekwa karibu na Singapore mwaka 1603. Na kampuni hiyohiyo ilishambulia Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1607 na tena 1608, mara zote mbili ikashindwa kuiteka ngome. Kwa hiyo uhuru wa bahari uliodaiwa kwa Kilatini ulikuwa unadaiwa pia kwa mizinga, kwenye pwani yetu, miaka hiyohiyo. Wenyeji waliokuwa wakisafiri kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya hapo hawakuulizwa na upande wowote. Nadhani msomaji wa Lamu au Zanzibar akishuka kivukoni akiwa na jambo hili kichwani, ngome ataiona kwa jicho jingine.

Culemborg nimeipitia haraka: soko zuri, lango la zamani, na daraja la reli juu ya Lek lililofunguliwa mwaka 1868 likiwa na kipande kimoja cha mita 154 kisicho na nguzo chini yake, jambo kubwa mno enzi hizo. Jan van Riebeeck, aliyeanzisha kituo cha Waholanzi Cape mwaka 1652, alizaliwa hapa mwaka 1619. Nimeandika pia kwamba koloni ile ilijengwa na watumwa, wakiwemo waliotolewa Madagascar na Msumbiji.

Juni

Wijk bij Duurstede ni mahali pa kulala. Kuna kasri lililobaki na minara yake, na kinu cha upepo cha mwaka 1659 kilichojengwa juu ya lango la mji, hivyo unapita chini yake ukiwa juu ya baiskeli. Chini ya nyumba za leo kulikuwa na Dorestad, bandari ya mtoni iliyostawi karne ya 8, wakati ambapo Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Wavikingi waliishambulia mara nyingi kuanzia mwaka 834, mto nao ukahama, na mji ukafa.

Kutoka hapo ni tuta hadi Amerongen, na kipande hiki ndicho kiini cha mwongozo wote.

Kasri la Amerongen lilichomwa na Wafaransa mwaka 1673. Lilijengwa upya na Margaretha Turnor, aliyesimamia mafundi, matofali na hesabu huku mumewe akiwa balozi nje, wakiandikiana barua. Ni jengo la tofali, pana, la utulivu, lenye maji kulizunguka. Tarehe 11 Novemba 1918, siku vita vilipokoma Ulaya, Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, aliwasili hapa akiwa mkimbizi, mgeni wa kabaila Godard Bentinck. Huyu ndiye ambaye kwa jina lake mashamba ya kusini mwa Tanganyika yalichomwa wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, na watu wakafa kwa njaa. Jeshi lake la mwisho lililokuwa bado linapigana lilikuwa la kwetu: von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba. Siku tatu baadaye, tarehe 28, ndani ya kasri hili, Kaiser alitia saini hati ya kuacha kiti.

Kisha ukaja Mkataba wa Versailles, tarehe 28 Juni 1919. Kifungu cha 227 kilitaka Kaiser ashtakiwe. Kifungu cha 246 kilitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Karatasi moja: mtu aliyeketi Amerongen, na kichwa cha Mtwa wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai. Uholanzi ilikataa kumtoa Kaiser. Mwaka 1920 alihamia Doorn, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka hapa, akaishi huko hadi alipofariki 1941. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954.

Nilikwenda na mwenzetu mmoja na mama yake mzazi, mwenyeji wa Iringa, aliyekuja kumtembelea mwanawe. Nilimsimulia tukiwa tumekaa kwenye benchi upande wa bustani.

“Kwa hiyo alikaa humu, akila, akilala?” aliuliza.

“Ndiyo, mama. Zaidi ya mwaka mmoja.”

“Na kichwa cha Mtwa kikiwa wapi?”

“Kwao Ujerumani, mama.”

Alinyamaza, kisha akaniambia baba yake alikuwepo Kalenga siku fuvu liliporudishwa. “Mwanangu, hilo usiliandike kwa maandishi madogo,” alisema. Nimelipa ukurasa mzima.

Karibu na kijiji yapo mabanda marefu ya mbao nyeusi yaliyokuwa ya kukaushia tumbaku. Tumbaku ililimwa hapa tangu karne ya 17. Watu wa Urambo na Tabora watayatambua kabla hawajasoma kibao. Na mtoni kuna banio kubwa lenye milango miwili ya chuma iliyopinda kama upinde, moja kati ya matatu ya aina yake. Mengine yako Driel na Hagestein. Mto ukijaa milango huinuliwa, meli zikapita chini yake. Ukipungua hushushwa, meli zikapita pembeni kwa vyumba vya kupandishia. La Driel ndilo linaloamua maji kiasi gani yaende kaskazini. Wanafunzi wa umwagiliaji wapange saa nzima hapa.

Agosti

Tumekijaribu kipande cha mwisho na kundi la rika zote: Amerongen, Rhenen, kilima cha Grebbeberg, Wageningen. Rhenen ina mnara wa kanisa wa Mtakatifu Cunera unaouona ukiwa mbali sana, nao hukupa lengo la kukanyagia. Grebbeberg ndicho kilima pekee katika njia yote. Wazee walishuka wakasukuma, na ilifaa, kwa kuwa pale juu kuna makaburi ya askari wa Mei 1940 na si mahali pa kupita mbio. Wageningen tulimalizia mbele ya Hotel de Wereld, ambako Mei 1945 jenerali wa Kanada, Charles Foulkes, alikutana na wakuu wa jeshi la Wajerumani kuhusu kusalimu amri kwao nchini Uholanzi.

Majaribio yameleta mabadiliko ya kazi. Vituo vya choo vimeingizwa kwenye ramani, jambo ambalo akina mama walilidai kwanza. Kila kipande sasa kinaonyesha stesheni iliyo karibu, na onyo kwamba Wijk bij Duurstede haina treni na Wageningen ni basi hadi Ede. Nimeongeza kwamba treni nyingi hazipokei baiskeli saa za msongamano siku za kazi. Vivuko navyo vina misimu. Vingine hulala majira ya baridi, hivyo ratiba itazamwe kabla ya kutoka. Kwenye mizigo nimeandika: maji, koti la mvua hata jua likiwaka, tyubu moja, pampu, na mkoba kwenye keria, usibebwe mgongoni. Baiskeli ya umeme ni halali kabisa kwa mwenye magoti mabovu.

Pia nimeongeza kivuko cha Lexkesveer, nje kidogo ya Wageningen. Kimefungwa kwa kebo ndefu kwenye nanga iliyo upande wa juu wa mto, maji yanakotoka, na nahodha akikielekeza vizuri, mkondo wenyewe hukisukuma kuvuka. Watoto waliomba turudi tena, tukarudi.

Kilichobaki: kuhakiki namba za njia kati ya Beesd na Culemborg, ambako barabara moja ilikuwa imefungwa kwa matengenezo ya tuta, kupata picha za mabanda ya tumbaku yakiwa na mwanga mzuri, na kumpa msomaji wa Kihehe ukurasa wa Amerongen aupitie kabla haujachapwa. Kipande cha Rhenen hadi Wageningen ndicho kifupi na kiko tayari, kwa hiyo kitatoka kwanza, nakala za karatasi, wanafunzi wapya watakapowasili Septemba. Baada ya hapo nitapima njia ya Waal kwenda Nijmegen.